Kiti cha Mheshimiwa

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Fundi hakuwa mtu wa kushindwa na kitu kilicholegea. Kulegea kwa vitu ndiko kulikompa riziki. Makochi yaliletwa kwenye karakana yake yakiwa marehemu: migongo imepinda, springi zimetoboa kitambaa, sponji imelala chali kama mlevi mtaroni. Fundi aliyapokea kwa heshima zote, akayavua nguo, akayapasua tumbo, akatoa uozo, akajaza sponji mpya, kisha akavuta kitambaa hadi kikawambika kama ngozi ya ngoma. Kochi lilirudi kwao limekaa wima, kifua mbele, kama kiranja mbele ya paredi. Watu wa mtaani walisema Fundi angeweza kumkalisha hata samaki, na yeye, kwa unyenyekevu wake mkubwa, hakuwabishia.

Ndiyo maana ugonjwa wa mwanawe ulimkuta na ujasiri usio na msingi.

Mtoto mwenyewe aliitwa Mheshimiwa. Cheti kilikuwa na jina jingine, lakini hakuna aliyelitumia tangu kinyozi wa chumba cha jirani alipokuja kumtazama siku za mwanzo, akamkuta na upara, kitambi na mashavu yaliyoshuka, akiwakodolea wageni macho kama watu waliokuja kuomba kazi bila miadi.

"Jamani, huyu si mtoto," kinyozi alisema. "Huyu ni mheshimiwa yuko likizo."

Jina likashika. Mama yake akawa Mama Mheshimiwa, na Fundi akapanda cheo bila kupigiwa kura.

Mheshimiwa alikua vizuri. Shingo ilikaza mapema. Alijifunza kujigeuza kutoka mgongoni kwenda tumboni, na kila alipofaulu yeye ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Mama yake, ambaye alikuwa akisuka nywele za watu sebuleni, alimlaza mkekani karibu na miguu ya wateja, naye akajiinua kwa mikono, kichwa juu, kukagua kazi. Alikuwa ameanza hata kukaa. Ukimweka kitako alitanguliza viganja sakafuni, akayumba, akajishika, akayumba tena, halafu akaanguka upande mmoja kwa hadhi ya mtu aliyekuwa amepanga kulala.

Kisha ikaja homa.

Ilianza kama mafua tu, pua inatiririka, kikohozi kidogo. Kesho yake mchana mwili ulikuwa wa moto, macho yakapinduka, mikono na miguu ikaanza kurukaruka yenyewe. Mama Mheshimiwa alimbeba mbio hadi hospitali, mteja aliyesukwa nusu kichwa akimfuata na mkoba wa nepi, na Fundi akatoka karakanani na sindano ya kushonea bado iko mdomoni. Walikaa wodini wiki baada ya wiki. Mtoto alilala, mipira imeingia puani, na hakuna aliyetania.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliwaketisha.

"Ni virusi," alisema. "Mtoto mwingine angeugua mafua yakaisha. Kwa huyu wenu vilipanda mpaka kwenye ubongo, ubongo ukavimba."

"Na sasa uvimbe umeshuka?" Fundi aliuliza.

"Umeshuka."

"Basi amepona."

Daktari alitazama kalamu yake kama vile ndiyo iliyoulizwa. "Homa imepona," alisema.

Walirudi nyumbani na mtoto aliyekuwa na sura ileile na mwili mwingine. Shingo ilikuwa imerudi ya kichanga wa jana. Ukimwinua, kichwa kilibaki nyuma; ukimweka kitako, alijikunja mbele mpaka paji la uso likagusa miguu yake mwenyewe. Wiki zilipita kabla hajacheka tena, na alipocheka, ilikuwa kwa sababu kinyozi alijigonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango. Kinyozi, ambaye hakuwa mtu wa kuumia bure, alirudi akajigonga tena makusudi.

Hospitali iliwapeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alimlaza Mheshimiwa tumboni juu ya mkeka, akamwekea taulo lililoviringishwa chini ya kifua, akapiga magoti mbele yake na kuanza kumwita. Mheshimiwa alilia mpaka macho yakawa mekundu. Mtaalamu aliendelea kumwita. Kichwa kikainuka kidogo, kikatetemeka, kikadondoka.

"Mmeona?" alisema. "Hiki ndicho tunachokitafuta. Kila siku, mara nyingi, kidogokidogo. Halafu mnamkalisha hivi, mnamshika nyongani tu. Akiyumba mwacheni ayumbe. Mwili unajifunza pale unapoogopa kuanguka."

Alimwinamisha mtoto pembeni, taratibu, na mkono wa kulia wa Mheshimiwa ukajinyoosha, dhaifu, kuitafuta sakafu.

"Huo mkono ni dhahabu," mtaalamu alisema. "Ameukumbuka. Msije mkamfungia kwenye mito. Mto ukimshika, yeye hana haja ya kujishika."

"Atakaa?" aliuliza Mama Mheshimiwa.

"Siwezi kukuahidi, mama. Ila ubongo wa mtoto mdogo unapokatiwa njia huwa unatafuta vichochoro. Miezi hii ndiyo ya kupigania. Kila wiki mje nimwone."

Sasa, neno "mito" liliingia katika sikio la Fundi, likakutana na ujuzi wake, likanyongwa papo hapo. Mito ni kazi ya watu wasio na ufundi. Mtu anachukua mto wa kulalia, anaugandamiza nyuma ya mtoto, mtoto anateleza, anapindika. Ni lazima mtaalamu achukie. Fundi alitikisa kichwa akikubaliana naye kabisa. Alitoka pale akiwa na hakika kwamba wameelewana kama mabingwa wawili.

Mazoezi yalianza. Asubuhi Mheshimiwa alilazwa tumboni, naye akalia kama anachunwa ngozi. Wateja wa mama yake walikaa vitini wakitazama dari. Mmoja alihamia kwa msusi mwingine. Mwingine aliuliza, kwa upole wote, kama hospitali ndiyo imesema mtoto ateswe hivyo. Jioni ilikuwa zamu ya Fundi. Alimlaza, akasikia kilio cha kwanza, akavumilia cha pili, na cha tatu kilimkuta amekwishambeba anazunguka naye chumbani.

"Umemtoa tena?" mkewe aliita kutoka jikoni.

"Alikuwa anapumzika."

"Anapumzika kutoka wapi, na hajafika popote? Baba Mheshimiwa, mimi siwezi kuwa adui yake peke yangu. Ananiona nikikunjua mkeka tu anaanza kulia. Zamani ulikuwa ukikunjuliwa, anacheka."

Fundi alimpelekea mtoto jikoni. Kisha akaenda karakanani, akaanza kumtengenezea kiti.

Alifanya kazi ile kama hajawahi kufanya kazi nyingine. Fremu ilikuwa ya mbao ngumu, pembe zake zimepigwa msasa mpaka zikawa laini kama sabuni. Alimpima Mheshimiwa kwa mikono, kama mshonaji anavyompima bibi harusi: makwapa, mbavu, nyonga, urefu wa paja. Mgongoni aliweka sponji ngumu, akaichonga kwa kisu ifuate mbavu. Chini aliweka laini, yenye shimo la makalio, ili mtoto asiteleze mbele. Pembeni mwa kichwa akatokeza masikio mawili yaliyojazwa pamba. Mkanda wa kifua aliuficha chini ya kitambaa usionekane, na kitambaa chenyewe kilikuwa mahameli nyekundu iliyobaki kwenye makochi ya bwana mmoja mwenye nyumba ya ghorofa. Kinyozi alikuja kukiona kiti akiwa na mashine mkononi, mteja wake kanyolewa upande mmoja tu.

"Fundi, nikizeeka nitengenezee kama hiki."

"Wewe hujazeeka?"

"Nikizeeka vizuri."

Mheshimiwa aliwekwa kitini sebuleni. Aliingia mle kama yai kwenye kiota. Mgongo ulisimama. Kichwa kilisimama. Alitazama kushoto bila kuanguka, akatazama kulia bila kuanguka, akamwona mama yake uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu homa, na akacheka. Mama Mheshimiwa alifunika mdomo kwa mikono yake yenye mafuta ya nywele na kulia mpaka Fundi akaogopa.

Bibi, mama mzazi wa Mama Mheshimiwa, alifika mwisho wa juma hilo. Hakuvuka hata kizingiti. Alimwona mjukuu wake amekaa kwenye mahameli kama anasubiri kufungua mkutano, akatupa mfuko chini na kupiga vigelegele vilivyowatoa majirani wote nje.

"Amekaa! Mwanangu amekaa! Nani alisema hatakaa? Mleteni hapa nimwone huyo!"

"Mama, amekalishwa," Mama Mheshimiwa alisema kwa sauti ya chini.

"Kukaa ni kukaa! Wewe unakaa bila kiti? Mkwe wangu, njoo hapa nikushike huo mkono. Niliwaambia ukoo mzima kwamba binti yangu ameolewa na mtu wa mbao. Leo nakuomba radhi."

Fundi aliupokea msamaha ule kwa niaba ya mbao zote duniani.

Kuanzia hapo Mheshimiwa aliishi kitini. Alinywa uji kitini, alicheza kitini, alisinzia kitini huku masikio ya pamba yamemshika kichwa. Kilio kiliisha. Wateja walirudi. Mama Mheshimiwa alisuka, mikono yake miwili ikiwa huru, mtoto mbele yake ametulia, na jioni alipokuwa na nguvu za kukunjua mkeka, mtoto alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuiharibu. Kliniki hawakwenda kwa sababu ya mvua. Wiki iliyofuata palikuwa na bibi harusi wa kusukwa. Baadaye hawakwenda kwa sababu, kama Fundi alivyosema, tukamwambie nini yule mama, naye mtoto anakaa?

Kiti nacho kilitunzwa. Fundi aliona kwamba mtoto ameanza kuegemea kushoto, akaongeza kipande cha sponji kushoto. Akaona bega linashuka, akajaza chini ya bega. Kidevu kikaanza kuzama kifuani, akashona kola. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na marehemu mwalimu wake: palipobonyea, jaza. Kila aliposogea mtoto, kiti kilimfuata, na kila alipofuatwa alisogea zaidi, na Fundi akawa anajaza kwa fahari ya mtu anayeshinda.

Fahari hiyohiyo ndiyo iliyompeleka kliniki. Hakwenda kutibiwa, alikwenda kuonyesha. Alijitwisha kiti begani, mkewe akambeba mtoto, wakapita mtaani kama msafara wa kiserikali, Fundi akiwaza jinsi mtaalamu atakavyomwomba awatengenezee watoto wengine. Alikuwa ameshaamua kuwatengenezea bure.

Mtaalamu alikitazama kiti kwa muda mrefu. Alipitisha kiganja kwenye mgongo wa kiti, akabonyeza pembe, akauona mkanda uliofichwa.

"Umetengeneza mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, mama."

"Sijawahi kuona kazi nzuri hivi." Alisema kwa huzuni, lakini Fundi alisikia maneno tu. "Anakaa humu kwa muda gani?"

"Muda wote!" Fundi alisema. "Hataki kutoka!"

"Mtoe."

Mama Mheshimiwa alimfungua na kumlaza tumboni mkekani. Mtaalamu akapiga magoti mbele, akamwita. Mheshimiwa alilala shavu chini. Hakuinua kitu. Hakujaribu. Alipiga jicho la pembeni kutafuta mahameli yake, kisha akaanza kulia kwa sauti ndogo, kama mtu anayelalamika kwa mhudumu.

Mtaalamu alimvua shati, na Fundi akauona mgongo. Alikuwa amemwona mwanawe uchi mara nyingi, wakati wa kuogeshwa, kwenye maji, mikononi mwa mama yake. Hakuwahi kumwona akiwa amelazwa mahali tambarare, penye mwanga wa dirisha, kama fremu juu ya meza ya kazi. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kwenda kushoto. Ulipinda pale hasa alipoongeza sponji. Angeweza kuonyesha kwa kidole kila kipande na siku aliyokijaza.

Mtaalamu alimkalisha, akamshika nyonga, akamwinamisha pembeni taratibu kama siku ile. Mkono wa kulia haukutoka. Ulibaki pajani, umetulia, mahali kiti kilipoufundisha kukaa. Mheshimiwa alianguka vilevile alivyokuwa, miguu imekunjwa, mikono mapajani, na mtaalamu akamdaka. Alianguka akiwa na umbo la mtu aliyeketi.

"Mkono uko wapi?" Mama Mheshimiwa aliuliza. "Ule mkono. Mjaribu tena."

Mtaalamu alijaribu tena. Alijaribu na upande wa pili. Halafu akamkumbatia mtoto begani, akampigapiga mgongo, na hakujaribu tena.

"Nilisema msimfungie kwenye mito," alisema.

"Huo si mto," Fundi alisema. Lilimtoka kabla hajalizuia, na hata yeye alilisikia lilivyo.

Nje ya mlango watoto wengine walikuwa wanalia kusubiri zamu zao.

"Niambie kitu kimoja tu," Fundi akasema. "Kama nisingekitengeneza. Angekaa?"

"Sijui, fundi."

"Wewe ni mtaalamu."

"Ndiyo maana nakwambia sijui. Virusi vilichukua kiasi chake. Huenda vilichukua kila kitu, na ule mkono ulikuwa unatuaga tu. Huenda angekaa. Nikikuambia kingine nitakuwa nakudanganya ili ulale." Alimrudishia mama mtoto wake. "Mazoezi tunaanza upya. Itakuwa vigumu kuliko mwanzo, maana mwanzo hakuwa na mahali pa kutamani kurudi."

Njiani watu walikisifia kiti. Mmoja aliuliza kinauzwa wapi.

Nyumbani Mama Mheshimiwa alimlaza mtoto mkekani na kusimama mlangoni, akimpa mumewe mgongo.

"Sema," Fundi alisema. "Nitukane."

"Nikutukane nini? Nilijua. Siku ile mama yangu alipopiga vigelegele nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimepata mikono yangu." Aliitazama mikono yenyewe. "Nilikuwa nikimwomba Mungu mtoto anyamaze, Baba Mheshimiwa. Sikuomba akae. Niliomba anyamaze."

Akaenda jikoni, na Fundi akasikia maji yakifunguliwa na kuachwa yatiririke bila chombo.

Alikibeba kiti hadi karakanani. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake akikung'uta kitambaa cha kunyolea.

"Fundi, una bahati! Nina mteja hapa ana pacha, wanasumbua hao, hawajui hata kulala. Nimemsimulia kiti chako. Anataka viwili."

"Pacha wake wanaumwa?"

"Wazima kama nguruwe. Anataka tu watulie."

"Mwambie awaache wasumbue."

"Wewe leo umekula nini?" Kinyozi alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. Aliingia ndani ya chumba chake na kuzima redio.

Fundi alikiweka kiti juu ya meza. Alidhani angekivunja kwa nyundo, lakini mkono ulikataa. Haujui kuharibu kwa fujo. Ukachukua kisu cha kufumulia na kuanza pale inapoanza kazi yoyote, chini, kwenye mshono wa nyuma. Nyuzi zilitoka moja moja. Mahameli ilivuliwa. Kola ikatoka, masikio yakatoka, kipande cha bega, kipande cha kushoto, kingine cha kushoto, kingine. Vipande vile aliviweka mezani na kuvisubiri vijae upepo, kama sponji nzuri inavyofanya ukiiondolea uzito. Havikujaa. Alivitazama mpaka mbao za fremu zikaanza kutoonekana vizuri, akajipangusa uso kwa mahameli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Aliporudi ndani Mheshimiwa alikuwa palepale mkekani, amelia mpaka sauti imekauka. Macho yalikuwa kwenye kona ya sebule ambako kiti kilikuwa kikikaa. Fundi alilala chini, kifudifudi, shavu kwenye mkeka, pua yake karibu na pua ya mwanawe.

"Mheshimiwa," alimwita. "Mheshimiwa, nitazame. Niko huku."

Mtoto alimtazama. Alinyoosha midomo, na Fundi akajua kinachoombwa. Mikono yake yote miwili ilitaka kwenda kumbeba. Aliilalia.

"Inua kichwa, baba. Kidogo tu. Inua unitukane."

Kilio kilianza tena, bila sauti, mdomo wazi tu. Jikoni maji yalikuwa yamefungwa. Fundi aliendelea kuita, kwa majina yote aliyokuwa nayo, ya utani na ya kwenye cheti, na alipoishiwa akaanza kuiga kinyozi anavyojigonga, akagonga paji lake sakafuni. Ndipo akadhani ameona kitu. Shavu la mtoto na mkeka, katikati yake, mwanga mwembamba.

"Mama Mheshimiwa! Njoo! Njoo uone!"

Alikuja akikimbia, maji yanamdondoka mikononi. Mheshimiwa alikuwa amelala shavu chini, macho yameshaanza kufumba kwa uchovu, alama za mkeka zimechoreka usoni mwake.

"Nini?" aliuliza. "Nione nini?"

Fundi alitazama shavu, akatazama mkeka. Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi.

"Hakuna," alisema. "Nilidhani."

Mama Mheshimiwa alipiga magoti upande wa pili wa mkeka, akaviringisha taulo.